Dakika ya Futari ya Ina Barek

Redio yetu ilirudi hewani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa kikohozi cha Ama Gafur. Alikuwa amefungua kipaza sauti kabla ya kujua kuwa mtambo umekubali. Baada ya kikohozi akauliza kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, "Mnanisikia huko chini?"

Huko chini tulimsikia. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu tope liporomoke kutoka mlimani na kuibeba nyumba ya redio, milango na madirisha yake, pamoja na rafu nzima ya kanda. Katika kijiji chetu hakufa mtu, na kwa hilo tunashukuru mpaka leo. Lakini tulizoea vibaya ule ukimya. Asubuhi ile watu walizitoa redio zao juu ya makabati, wakazipangusa vumbi, wakazipiga makofi kidogo mgongoni kama watoto waliolala sana.

Ina Barek, na kwetu Ina ni mama kama Ama alivyo baba, alikuwa jikoni kwake, ameketi chini mbele ya chungu cha mahindi. Mkono wake wa kushoto ulichota punje mbili tatu za moto, ukaziweka juu ya jiwe la chini. Mkono wa kulia ukashusha jiwe la juu, pa, na punje zikawa bapa kama kucha. Ncha za vidole vyake haziujui moto tena. Aliposikia kikohozi kile alisimamisha jiwe hewani.

"Bado hajaacha sigara," alimwambia binti yake Lusia.

"Mama, redio imerudi, wewe unasikiliza mapafu ya watu."

"Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na saba. Najua kikohozi cha baridi na najua kikohozi cha sigara."

Akaendelea kuponda. Lakini Lusia aliona kwamba mapigo ya jiwe yamebadilika. Yalikuwa ya haraka, kisha yakakawia. Zilibaki wiki tatu kabla ya Ramadhani, na katika wiki zote za kujenga chumba kipya, kubandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na kupandisha mnara, hakuna mtu aliyemwambia Ina Barek kama dakika yake bado ni yake.

Dakika hiyo lazima niieleze tangu ilikoanzia.

Barek alizaliwa hapahapa Lewokeru, upande wa mashariki wa mlima. Kwetu jua huchomoza mapema na kuondoka mapema: saa kumi na moja na robo jioni huingia nyuma ya mlima, kivuli kikashuka shambani, kuku wakapanda kulala, nasi tukasema limezama. Mama yake alifariki Barek akiwa na miaka kumi na miwili, akamwachia mdogo wake, Kopong, mwenye miaka minne. Baba yao, Ama Rua, alikuwa mtu wa kazi na maneno machache. Kulisha ilikuwa kazi ya Barek. Alijifunza kuponda mahindi kwa sababu mtoto alikuwa na njaa, na mtoto alikula kama mtu anayefukuzwa. Alijaza mdomo, akapaliwa, akatoa macho, na Barek akampiga mgongoni kwa kiganja.

"Kula polepole, usipaliwe," alimwambia. Kila siku, kila mlo, mpaka maneno yale yakawa kama sala ya chakula ya nyumba ile.

Kopong alikua, akawa fundi wa sakafu za saruji. Alishuka rasini kuweka sakafu ya shule, akakaa miezi mitano, na miezi mitano ilipokwisha alikuwa na mke, Saadia, na jina jipya, Yusuf, na alikuwa akienda msikitini. Kwetu jambo kama hilo si geni. Watu wa rasini na watu wa mlimani ni ukoo mmoja, nyumba yetu ya ukoo ni ile ile, na wanaokwenda kanisani na wanaokwenda msikitini hubebeana majeneza. Ama Rua hakukasirikia dini. Alikasirika kwa sababu Kopong aliona haya kuja kumwambia, akakawia, na habari ikamfikia mzee sokoni.

"Angeniambia mwenyewe ningenuna siku tatu," alisema. "Nimeambiwa na muuza chumvi, mbele ya watu, nimeshika kilo mbili mkononi." Akatamka kwamba mtoto yule asikanyage uwanja wake mpaka yeye mwenyewe amwite. Kisha hakumwita, kwa miaka kumi na mmoja.

Barek wakati huo alikuwa amerudi kwa baba yake na binti mdogo mgongoni, mumewe akiwa amefariki kwa homa. Alikula chakula cha baba yake na hakuvunja neno lake. Hakumtumia mdogo wake salamu wala barua. Alichofanya, alipopakua, ni kuweka sahani moja zaidi, na Ama Rua akaiona kila siku na hakuiuliza.

Katika mwaka wa pili wa mambo hayo Mwalimu Suban alianzisha redio. Alihitaji sauti ya mwanamke, na Barek ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani kwa sauti isiyotetemeka. Akawa anasoma bei za sokoni, habari za misiba, na salamu za wanaume walioko kazini ng'ambo, Sabah. Mwenzake alikuwa Gafur, Mwislamu wa pwani aliyejua kutengeneza kila kitu chenye waya. Wawili hao walielewana kwa kutaniana. Ramadhani ya kwanza ilipokaribia, Gafur alimjia na uso wa huzuni.

"Barek, nina shida ya tumbo."

"Unaumwa?"

"Nitaumwa nikifuturu huku juu. Kutoka hapa mpaka nyumbani ni nusu saa kwa pikipiki. Nikikaa kutangaza wakati wa futari, watu wote watakula isipokuwa mimi niliyewaambia wale. Mke wangu amesema mchuzi wake wa samaki haungoji mtu."

"Sasa unataka nini?"

"Utangaze wewe. Nitakuachia karatasi ya nyakati. Ikifika dakika, unasema wakati umeingia, unabonyeza kanda ya adhana. Hata mbuzi anaweza."

"Basi mwambie mbuzi."

Lakini aliikubali. Na jioni ya kwanza, alipoutaja wakati na kabla hajabonyeza kanda, mdomo wake ulisema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Mliofunga, kuleni," alisema. "Kuleni polepole, msipaliwe."

Watu wa pwani walicheka, wakapenda. Walidhani ni mzaha wa mama wa Kikatoliki anayewahurumia. Wakaanza kuusubiri, watoto wakawa wanamtangulia kusema. Hawakujua kwamba kule rasini kuna mtu mmoja mwenye saruji chini ya kucha, ambaye aliposikia maneno yale aliweka tonge chini na kuangalia ukuta. Barek hakuvunja neno la baba yake. Hakutaja jina. Aliongea na pwani nzima ili amfikie mmoja, siku thelathini kila mwaka, na Ama Rua, aliyeketi nje na redio yake mapajani, hakuizima.

Naye Gafur alilipa wema kwa wema. Ijumaa Kuu, ambapo kila Mkatoliki mwenye miguu yuko kwenye maandamano, yeye alibaki peke yake kwenye redio na kupiga kanda za nyimbo za mateso. Hivyo ndivyo redio yetu ilivyofanya kazi: kila mmoja alishika zamu wakati mwenzake yuko kwa Mungu wake.

Kisha ikatokea siku ile ambayo pwani mpaka leo wanaiita Siku ya Barek. Ilikuwa Ramadhani ya nane tangu aanze kuitangaza. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, naye hakujua. Aliiangalia, akaona bado mapema, akasoma salamu za Sabah, akaiangalia tena, na mishale ilikuwa palepale. Akachungulia dirishani. Uwanja wote ulikuwa kivuli, kuku wamelala. Mtu aliyezaliwa popote pengine angejiuliza jua liko wapi. Barek alizaliwa Lewokeru. Aliona kivuli, akaona jua limezama, akadhani amewachelewesha watu wenye njaa. Akautangaza wakati na kuomba radhi kwa kuchelewa. Bado zilikuwa zimebaki dakika kumi na saba.

Kwenye vijiji vya ghuba, ambako kivuli cha mlima hufika pia, watu walikula. Gafur alikuwa na kikombe mdomoni, jirani yake alipomwonyesha kwa kidole kilele cha kisiwa cha mbele, kikiwa bado kinang'aa kwa jua. Alipanda mlimani kwa pikipiki kama anayepeleka mgonjwa.

"Jua liko wapi, Barek?"

"Limezama."

"Limezama kwenu," alisema Gafur, akakaa kizingitini akicheka mpaka akakohoa.

Barek hakucheka. Kesho yake, baada ya futari ya kweli, alishuka na vikapu viwili vya mahindi bapa, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Walimkaribisha kila mahali. Mwezi ulipokwisha wakailipa ile siku, na mtu akiulizwa kwa nini amefunga ilhali si mwezi wenyewe, alijibu, "Nalipa ya Barek."

Miaka miwili baadaye, Ama Rua, akiwa kitandani na pumzi imekuwa fupi, alisema, "Mwite yule." Kopong alifika kabla ya saa mbili kupita. Walikaa pamoja siku nne, baba na mwana, wakiongea zaidi kuhusu sakafu. Baada ya mazishi mambo yakawa mepesi. Kopong alipanda mlimani alipotaka. Lusia alipoolewa, alikuja kama mjomba anavyopaswa kuja, amevaa saruni mpya, na kukaa mahali pa mjomba. Alikula kwa dada yake mahindi bapa tu, kwa sababu hukaangwa makavu, kwenye chungu kisichojua mafuta, na hapo Mwislamu hana la kuuliza. Lakini habari ya redio hawakuizungumza. Kuna mambo ambayo mtu akiyatia maneno anahisi ameyashika kwa mikono michafu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka tope likaja. Na sasa mnajua kwa nini jiwe lake lilikawia asubuhi ile.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa kijiji. Marsel, mwenyekiti mpya wa redio, kijana wetu aliyesoma mjini Kupang, alibandika karatasi kubwa ya ratiba ukutani. Masanduku ya bluu yalikuwa ya Wakatoliki, ya kijani ya Waislamu, meupe ya habari na muziki.

"Kila dini ina saa zake na wasomaji wake," alieleza. "Sala ya Malaika wa Bwana, Wakatoliki. Mawaidha ya Ijumaa na Ramadhani, Waislamu. Hakuna anayeingia kwenye sanduku la mwenzake, basi hakuna lawama."

Kimsingi hakuna aliyepinga. Mabishano ya kwanza yalikuwa ya urefu wa masanduku. Mama mmoja aliuliza mbona la bluu ni fupi kwa upana wa kidole, na Marsel akamwonyesha kwa rula kwamba sivyo. Mzee mmoja wa ghuba akauliza nani bado anasikiliza redio, siku hizi adhana iko kwenye simu. Mwenzake akamjibu, "Simu yako inashika mtandao ukiwa juu ya mnazi. Utafuturu huko huko?"

Ina Barek alikuwa ameketi safu ya tatu, mikono mapajani. Alingoja mpaka watu walipomaliza kucheka. Kisha akasimama.

"Mwenyekiti, nauliza jambo dogo. Dakika ya futari iko wapi?"

Marsel alishika sanduku la kijani. "Iko hapa, Ina. Ataisoma Ustadhi Hasbi, au mtu atakayemteua."

"Nimeelewa," alisema Ina Barek, lakini hakukaa. "Mwaka huu naomba niendelee nayo. Nikikosea, nitoeni."

Ustadhi Hasbi, mwalimu wa madrasa, alikuwa mtu mpole, bado kijana, aliyekuja kwetu kutoka kisiwa cha pili kwa kuoa. Aliongea akitazama chini, kwa heshima.

"Ina Barek, mama yangu, usione vibaya. Ile si habari ya bei ya vitunguu. Ni ibada. Anayewaambia watu wafungue amebeba funga zao mikononi. Si haki kumbebesha mzigo huo mtu asiyefunga." Akaishusha sauti. "Na nimeambiwa kwamba siku moja mzigo ulianguka."

"Ulianguka," alikubali Ina Barek. "Dakika kumi na saba."

Ama Gafur akainuka upande wa nyuma. "Kama tunahesabu zilizoanguka, na mimi nihesabiwe. Mwaka ule wa mafua, Ijumaa Kuu, saa tisa kamili, niliweka kanda upande usio wake. Wakatoliki wote wako barabarani na mishumaa, wanalia, mara spika za kanisa zinapiga Aleluya ya Pasaka, na ngoma."

Wakatoliki walioikumbuka siku ile tayari walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Nilimfufua siku mbili kabla," alisema Ama Gafur. "Paroko alikuja na kanzu yake nyeusi, nikajua leo nakufa. Akaniuliza, 'Gafur, ulikuwa na haraka gani?' Basi. Mwaka uliofuata nikaipiga tena mimi, maana nani mwingine angebaki ndani siku ile? Wewe, Marsel?"

"Mimi nabeba msalaba," alisema Marsel.

"Ndiyo maana nakuuliza."

Marsel alitabasamu, lakini hakuiondoa karatasi. "Ama, tunacheka, ni vizuri. Lakini tulikuwa na bahati. Siku moja mtu wa nje atasikia kosa kama hilo, na hatacheka."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na watu walijua ni kweli. Nilimwona Ina Barek akianza kukaa. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele na anajishusha taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asitake usikike. Ndipo Kopong aliposema, kutoka karibu na mlango, bila kusimama.

"Siku ile mimi nilikula."

"Wengi walikula, Ama Yusuf," alisema Hasbi. "Walidanganywa na kivuli."

"Rasini hakuna kivuli. Kwetu tunaona mpaka nyuma ya bega la mlima. Jua lilikuwa juu ya maji, jekundu, zima, linanitazama usoni. Mke wangu aliishika redio akasema imeharibika. Rasi nzima hakula mtu. Nilikula mimi."

Hasbi alimgeukia. "Ulijua wakati bado?"

"Nilijua. Nimeshatubu, na siku nimeilipa, nikaongeza na nyingine. Usinisomee, mwalimu, nilijisomea mwenyewe."

"Sasa kwa nini?"

Kopong alitazama mikono yake. Ni mikono mikubwa, yenye nyufa nyeupe ambazo hazitoki kwa sabuni.

"Ilikuwa imepita miaka tisa sijala kitu kilichotoka nyumba ile," alisema. "Miaka yote hiyo aliponiambia kula, jua lilikuwa limeshazama, nakula pamoja na watu wote. Nikawa najiuliza, labda anasema tu kwa watu wote. Siku ile aliniambia kula na jua bado lipo. Nikasema, basi, dada yangu ameniita mezani. Sikutaka kumwacha na sahani mkononi." Akafikicha pua. "Na nilikula polepole."

Ina Barek alikuwa amefika kitini sasa. Hakugeuka nyuma kumtazama mdogo wake. Alitoa kitambaa, akakikunjua, akakikunja, akakirudisha.

Ustadhi Hasbi alimgeukia tena Kopong. "Hilo ni kati yako na Mola wako, na Mola ni mwenye rehema," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Lakini Ama Yusuf, umenithibitishia. Kama kuna mtu anayemsikiliza Ina kuliko jua, lazima Ina awe na saa nzuri."

Kicheko kilichofuata kilianza safu ya nyuma, kikaja mpaka mbele. Hata Ina Barek alicheka, kitambaa kikiwa mdomoni.

Hasbi aliinua mkono. "Nina shauri. Wakati wenyewe autamke aliyefunga. Hilo siwezi kuliachia. Akae na karatasi na saa mbili za ukutani, aseme wakati umeingia. Baada ya hapo, maneno ya kuwaambia watu wale ni maneno ya mama, na sijaona kitabu kinachomkataza mama kuyasema."

"Nakubali," alisema Ina Barek upesi, kabla Ustadhi hajamaliza.

"Nitachora sanduku nusu kijani nusu bluu," alisema Marsel, akatafuta kalamu. "Niandike nani? Nani aliyefunga atakaa huku juu wakati wa futari, siku thelathini?"

Hapo Waislamu wote ukumbini wakaanza kuangalia dari. Mmoja alisema mke wake hangekubali. Mwingine akasema pikipiki yake haina taa. Hasbi mwenyewe alikumbuka kwamba ana watoto ishirini wa madrasa wa kuwafuturisha.

"Mnaona?" alisema Ama Gafur. "Tumerudi palepale tulipoanzia. Mchuzi wa samaki haungoji mtu."

"Niandike mimi," alisema Kopong.

"Na Saadia je?" mtu alimuuliza.

"Saadia amenilisha miaka ishirini na miwili. Atafurahi kupumzika."

Marsel aliandika majina mawili kwenye sanduku moja. Sala ya Malaika wa Bwana ilibaki bluu, mawaidha yakabaki kijani, na kwenye Ijumaa Kuu, saa tisa, kwa herufi ndogo, akaandika Gafur, na chini yake: kanda ziandikwe majina pande zote mbili.

Siku ya kwanza ya Ramadhani Ina Barek aliamka na kukaanga chungu cha pili, kisha cha tatu. Jioni alipanda kwenye chumba kipya na bakuli lililofunikwa na jagi la maji. Kopong alikuwa amefika mapema, ameoga, amevaa kofia. Alikuwa anaikagua sakafu.

"Nani aliweka saruji hii?"

"Kaa chini."

"Imepasuka kabla ya mwaka, Dada. Nitakuja kuirudia."

"Funga kwanza mdomo, utangazaji bado."

Walikaa upande huu na upande huu wa kipaza sauti kimoja, saa mbili ukutani juu yao, moja ya Marsel na moja ya msikiti, zikipishana kwa nukta chache. Nje kivuli kilikuwa kimeshafunika uwanja na kuku wameshalala. Kwenye meza ya mtambo, ambako nilishika zamu ya Gafur, niliona kwamba Ina Barek hakuangalia dirishani hata mara moja.

Kopong alifuata mshale kwa kidole. Alipotamka kwamba wakati umeingia, sauti yake ilikuwa kavu na rasmi kama ya mtu anayesoma barua ya serikali. Akamwachia nafasi.

"Mliofunga, kuleni," alisema Ina Barek. "Kuleni polepole, msipaliwe."

Nikaiweka adhana. Adhana ilipokwisha, nilipaswa kuweka muziki, nami nilikuwa nautafuta, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Kopong alikuwa amekunywa maji, amefunua bakuli, amejaza kiganja. Mahindi bapa yana kelele. Kutoka ghuba mpaka rasini, watu walisikia kwenye redio zao kitu kama mtu anayetembea juu ya majani makavu, kwa haraka, kisha kwa haraka zaidi, kisha kikakoma, na kikafuata kikohozi ambacho safari hii hakikuwa cha Gafur.

Wakasikia kiganja kikipiga mgongo, mara tatu.

"Nimesema nini sasa hivi?" ilisema sauti ya Ina Barek. "Pwani nzima imenisikia, isipokuwa wewe. Kunywa maji."